Kisima Nilichokifunga Msibani

Ipo siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu Rehema, siku ya msiba wa Mzee Salumu kule kijijini kwetu Zombo. Sijawahi kukusimulia. Mlipokuwa wadogo mama yenu, Mungu amrehemu, alinikataza, na mlipokuwa wakubwa nikaona haya. Lakini juzi umeniamshia jambo hilo bila kujua, kwa hiyo leo nalisema. Dada yako ananiandikia haya kwenye simu yake, nimemwambia asipunguze neno hata kama ananiona nazunguka. Mimi nikianza habari huwa nazunguka, unanijua.

Juzi hiyo nilikuwa nimekaa barazani hapa Mikumi, natazama malori ya Iringa yanavyopita, dada yako akaja na simu. Akasema, baba, njoo umwone mtoto wako anavyofanya kazi huko pwani. Nikavaa miwani. Nikamwona kijana wa kiume amejifunga khanga kifuani, ndoo kichwani, muziki unapiga, anacheza huku anasema maji yamekatika mpaka Jumapili, nendeni mkaoge baharini na chumvi yake muunge mboga. Dada yako alicheka mpaka akakaa chini. Jirani yetu akaja, akaangalia, akacheka. Nikawauliza, sasa huko maji yapo au hayapo? Jirani akasema, mzee, huo ni utani tu. Dada yako akasema hapana, hilo ni tangazo la kweli, Rehema ndiye kalitengeneza, na wakubwa zake wamelipenda. Basi wakaanza kubishana wao kwa wao. Mimi nikairudia ile picha mara tatu, na mara ya tatu nikawa sijui zaidi kuliko mara ya kwanza.

Usinielewe vibaya, mwanangu. Kazi yako naijua na najivunia. Jirani zangu wote wameshachoka kusikia kwamba mwanangu wa mwisho ameajiriwa jijini kuwaarifu watu habari za mitaa yao, gari la taka linapita lini, mtaro gani unazibuliwa, taa za barabarani zimefika wapi. Na kucheka sikuchukii hata kidogo. Mimi nilikuwa mchekeshaji wa kijiji kizima kabla wewe hujafikiriwa. Hapo ndipo penye habari yangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa na mwandiko mzuri, basi Mtendaji wa kijiji akanichukua nimsaidie ofisini. Nilifagia, nilipeleka barua kata kwa baiskeli, na siku za mkutano niliwasomea watu matangazo: lini chanjo ya watoto, lini kwenda kusafisha mfereji, ng'ombe wa nani wameingia shamba la nani. Mtendaji mwenyewe alikuwa mtu wa milimani, amesomea misheni, mpole lakini ana sauti kama ya mtu anayesemea ndani ya pipa. Kila tangazo alilianza namna moja tu. Alikohoa mara mbili, akasema, “Wananchi, mnaarifiwa.”

Mimi nilimwiga. Nilimwiga vizuri kupita kiasi, Mungu anisamehe, kwa maana yule mzee alinipa kazi na mimi nikamgeuza mchezo. Kwenye ngoma, shambani, mtoni, nikikohoa tu mara mbili watu wameshashika mbavu. Nilizua matangazo ya uongo chungu nzima. Wananchi, mnaarifiwa kuwa kuanzia kesho wanaume wote watatwanga na wanawake watakaa kijiweni. Wananchi, mnaarifiwa kuwa mbuzi wa fulani ameteuliwa kuwa katibu. Watu walinipenda kwa hilo, na mimi nikapenda kupendwa.

Sasa kuna jambo la pili, na hili wewe umekulia mjini hulijui sawasawa. Ukoo wetu na ukoo wa Mzee Salumu ni watani tangu mababu. Si utani huu wenu wa kwenye simu. Ni utani wenye kazi zake. Msibani wafiwa wanalia, mtani anacheka, na ni haki yake. Mtani anavaa kofia ya marehemu akamwigiza alivyokuwa akitembea. Anajilaza njiani jeneza lisipite. Anaficha mwiko wa wapishi. Na kule kwetu ana moja tena: anafunga kisima. Anakwenda kukaa kwenye pampu na mchi mkononi, wanawake wakija na ndoo anawafukuza, hakuna kuchota, hakuna kupika, mpaka wafiwa wamletee jogoo. Akipokea jogoo, kisima kimefunguliwa na shughuli inaendelea. Na haya yote hakuna anayeyakasirikia, mtani hakasirikiwi. Mwaka mmoja kabla, kwenye msiba mwingine wa ukoo ule ule, mimi mwenyewe ndiye niliyekifunga, na jogoo nilimla.

Basi, masika ya mwaka huo mto wetu ulifurika ukapita katikati ya kijiji. Vyoo vingi vilijaa, vingine vikabomoka. Maji yalipopungua wakaja watu wa wilayani, wakachota maji ya kisima kwenye vichupa, wakaenda zao, tukawasahau. Siku Mzee Salumu alipofariki, asubuhi watu walimiminika msibani, ofisini tukabaki mimi na Mtendaji. Ndipo ikaletwa barua ya kata, ina muhuri. Ilisema kisima cha pale karibu na godauni kimefungwa kuanzia siku hiyo, ni marufuku kuchota maji yake kwa matumizi yoyote mpaka itakapotangazwa tena, na maji ya kunywa yachotwe kwenye bomba la shule na yachemshwe.

Mtendaji aliisoma mara mbili, akanipa. Yeye alikuwa anaondoka kwenda kata kufuatilia dawa na mnyororo wa kufungia ile pampu. Akaniambia mkutano hautakuwepo kwa sababu ya msiba, na watu wote wako huko, kwa hiyo niende nikawasomee huko huko. Akasema nisimwache mtu bila kusikia. Nikamwambia, ndiyo mzee. Nikaikunja barua, nikaitia mfukoni, nikaenda.

Ilikuwa kama saa nne, jua limeshakuwa kali. Nilipoingia tu kwenye ule ua, watu wakaanza kucheka kabla sijafungua mdomo. Mtani kafika. Mtu mmoja akaja akanivika kofia ya marehemu. Zuhura, binti yake Mzee Salumu, alikuwa amekaa kwenye mkeka na macho mekundu, amefika jana yake kumuuguza baba, kutoka Ruaha ambako mumewe alikuwa anakata miwa. Mimi na Zuhura tulikua pamoja, tukiparamia miti ya watu. Mgongoni alikuwa na mtoto wake, Tatu, wa mwaka na nusu hivi, anaanza kusema. Yule mtoto aliponiona na kofia ya babu yake akanyoosha mikono akacheka, na mama yake akacheka machozi yakiwa bado yanamtoka. Nikajiona mtu wa maana sana.

Hapo, mwanangu, hapo ndipo ningeivua ile kofia. Nilijua barua inasema nini. Nilijua si jambo la kuchezea. Lakini nikajiambia, ngoja niwachekeshe kidogo kwanza, wakishanogewa watanisikiliza vizuri zaidi. Nadhani hata wewe hujiambia hivyo hivyo ukiwa mezani kwako. Nikatembea kama marehemu, nikashika kiuno, nikamlaumu mkewe kwa chai isiyo na sukari, watu wakaanguka. Halafu nikatoa barua.

Nikakohoa. Naapa mbele yako nilikohoa kwa sababu ya moshi wa jikoni. Lakini nilikohoa mara mbili, na ua mzima ulishalipuka. Nikasoma. Sauti iliyonitoka ilikuwa ya Mtendaji, sijui nilikuwa na sauti gani nyingine ya kusomea barua, maana kila siku nilikuwa nikisoma kwa ile. Wananchi, mnaarifiwa kuwa kisima cha karibu na godauni kimefungwa. Basi tena. Wapishi walitupa miiko. Mzee mmoja alisema kwa sauti kwamba safari hii huyu mtoto kaja na barua kabisa, tena ina muhuri, ana akili huyu.

Nikawaambia, jamani, nasema kweli. Wakacheka zaidi. Mtani gani aliyewahi kusema anasema uongo? Nikawaambia hii barua imetoka kata, wakaitikia, ndiyo, na wewe umetoka wilayani. Nikapandisha sauti, na kila nilivyopandisha ndivyo nilivyozidi kufanana na Mtendaji. Sikujua nishike wapi. Nilikuwa nasema neno lile lile lililoandikwa, kwa lugha ile ile wanayoijua wote, na halikuwa likifika.

Alikuwepo mtu mmoja tu ambaye hakucheka, Mwalimu Yustina, mstaafu, mtu wa milimani naye, si katika watani. Masikio yake yalikuwa yameshakufa siku nyingi. Alinifuata pale nilipo, akanyoosha mkono nimpe barua, akaisoma mpaka chini, akautazama muhuri. Kisha akanirudishia, akatikisa kichwa taratibu, akachukua ndoo yake akaenda zake upande wa shule. Baadaye alikuja kutuambia kwamba hakusema kitu kwa sababu alidhani wote tumesikia, sisi si ndio wenye masikio. Maneno hayo yalinikaa.

Nilipogeuka nikamwona Zuhura amesimama mbele yangu na jogoo, kamshika miguu. Alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu baba yake afe. Akasema, “Haya mtani, mshike mwenyewe. Fungua kisima, wapishi wanangoja.”

Nilibabaika, sikufichi. Kumkataa jogoo wa mfiwa mbele ya watu si jambo dogo kwetu. Ni kusema utani umekufa, ni kumtukana marehemu kabla hajazikwa. Na kumpokea ni kukifungua kisima. Nikatazama huku na huku nimwone mtu wa kunitoa pale, hakuna, Mtendaji yuko njiani na baiskeli yake, mama yangu yuko kwenye kundi la wapishi na yeye anacheka. Nikawaza, nitampokea tu jogoo, halafu kesho asubuhi nitapita nyumba kwa nyumba na barua. Nikawaza, maji haya si tumekunywa tangu mafuriko, mbona hatujafa. Nikawaza hata kwamba pengine wale watu wa vichupa wamekosea kisima. Kichwa cha mtu anayetafuta njia ya kutokea hakikosi njia. Nikampokea.

Wanawake wakaondoka na ndoo, wanapiga soga. Nikawafuata mpaka kwenye pampu, nikawaambia tena, safari hii kwa sauti ndogo, kwamba maji yale hayafai. Mmoja akanijazia kikombe. Akasema mtani, ulishapokea, sasa kunywa utuonyeshe kisima kimefunguliwa. Wakanizunguka wananitazama. Nikanywa. Yalikuwa baridi, matamu, hayana harufu wala rangi, nami nikajiona mjinga kwa hofu yangu. Na sikuumwa hata tumbo. Hilo nalo sijalielewa.

Tulimzika Mzee Salumu baada ya sala ya adhuhuri. Watu wakala, wakanywa. Asubuhi yake sikupita nyumba kwa nyumba kama nilivyojiahidi, kwa sababu nilikuwa nimechoka na watu bado walikuwa msibani, nikasema kesho. Mtendaji alikuwa hajarudi, dawa zilimchelewesha kata. Aliporudi jioni ya siku ya pili akaniuliza kama niliwasomea watu barua. Nikasema niliwasomea. Akauliza kama walikuwepo wote. Nikasema wote. Akachukua faili akaandika kwamba tangazo limetolewa. Nilimwona akiandika, na nikanyamaza. Kila neno nililomjibu lilikuwa kweli, ndiyo maana mpaka leo likinijia linaniumiza.

Siku ya tatu, siku ya kuanua tanga, watu wakaanza kuharisha. Mzee huyu, mama yule. Wakubwa wengi walijikongoja wakapona. Asubuhi hiyo Zuhura alinijia mbio, kamshika Tatu mikononi, mtoto macho yameingia ndani, midomo imekauka, halii. Aliniambia nichukue baiskeli. Nilimpakia nyuma na mtoto, nikakanyaga kwenda zahanati, njia ina matope ya mafuriko, pengine nashuka nasukuma, pengine naibeba. Njia nzima Zuhura alikuwa akimwambia mtoto wake atizame ndege, atizame ng'ombe. Mimi nilikuwa nikikohoa kwa kuchoka, na kila nilipokohoa niliogopa asije akacheka kwa mazoea.

Tatu alifariki kabla ya adhuhuri, mikononi mwa muuguzi. Muuguzi alijitahidi sana, nilimwona. Nilimuuliza kama ni maji ya kisima. Akanijibu kwa upole kwamba hajui, inaweza kuwa kisima, inaweza kuwa chakula cha msibani, inaweza kuwa mtoto alikuja nayo safarini kutoka Ruaha. Nilitaka aniambie ndiyo, au aniambie hapana. Sikupata hata moja, na nimekuwa nikilibeba hivyo hivyo mpaka uzee huu.

Siku zilipita. Kila mtu alishajua kwamba barua ilikuwa ya kweli, na hakuna aliyeninyooshea kidole. Hilo ndilo lilinichanganya kuliko yote. Nilingoja nitukanwe, nipigwe, niitwe barazani. Watu wakanisalimia kama kawaida. Mama yangu nilipomwambia nataka kwenda kuomba radhi kwa wafiwa alishtuka, akasema mtani haombi radhi kwa jambo la utani, nikienda nitawaaibisha, nitakuwa nawaambia utani wao ni ubaya. Nikakaa na hilo nalo. Lakini baada ya arobaini nikashindwa, nikaenda mwenyewe.

Bi Mwanahawa, mjane wa Mzee Salumu, alikuwa uani anapeta mchele. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Akanitazama, akacheka kidogo, akaniuliza leo nimekuja kufunga nini, jiko au choo. Alinitania, mwanangu. Nilikwenda na machozi yangu, yule mama akanitania kama desturi ilivyo. Nikapiga magoti. Nikamwambia mama, nimekuja kuomba radhi kwa ajili ya Tatu.

Aliweka ungo chini. Kuku wakaanza kudonoa mchele na yeye hakuwafukuza. Halafu akasema, “Hamisi, nataka nikusamehe, nimetafuta mahali pa kukusamehea sipaoni. Kama siku ile ulikuja kama mtani, mtani hana kosa, nikusamehe nini? Na kama ulikuja kama mtu wa ofisi, kwa nini ulipokea jogoo?”

Nikafungua mdomo. Akaniambia nisimjibu yeye. Akasema, “Zuhura ananiuliza kila siku, mama, kwani Hamisi alitwambia au hakutwambia? Mimi namjibu alitwambia. Halafu usiku nalala nikijiuliza mwenyewe, alitwambia?” Kisha akachukua ungo wake, akaendelea kupeta, na mimi nikasimama nikaondoka. Hakunifukuza na hakunisamehe. Aliishi miaka mingi baada ya hapo na kila tulipokutana alinitania, mpaka nilipombeba kwenda kaburini na nikashindwa kumwigiza hata hatua moja. Zuhura naye yupo, ana wajukuu, kila akipita Mikumi huja kunisalimia. Ananitania, nacheka, namtania. Kilichomo ndani ya kile kicheko chetu sikijui na sijapata ujasiri wa kuuliza.

Kazi ya ofisi niliiacha. Mtendaji alinisihi nibaki, akasema yeye ndiye aliyekosea kunituma msibani. Labda. Nimeshawaza hivyo pia, na nimeshawaza kwamba kosa ni la mvua, na la kisima, na la wazee waliotuachia utani usio na mlango wa kutokea. Nikichoka kuwaza narudi pale pale uani, kijana amesimama na kofia isiyo yake, barua mkononi.

Sasa wewe. Najua utakachosema, dada yako ameshaanza kunisemea hapa. Mtasema siku hizi tangazo kavu halisomwi, watu wanalipita kwenye simu, lazima uwachekeshe ndipo wasimame. Huenda ni kweli. Mimi sijui watu wa jiji, sijui hata hiyo simu inavyofanya kazi, na barua yangu ingekuwa kavu pengine nayo wasingeisikiliza. Sina hakika na mambo mengi, Rehema. Nitakwambia yale machache ninayodhani ninayo hakika.

Ukiwa na neno linalogusa maji ya mtu, chakula chake au mtoto wake, liseme kwanza, tena likiwa tupu, kabla hujamchekesha. Ukishalisema na akakuelewa, mchekeshe mpaka asubuhi, sina ugomvi. Mimi nilianza na kicheko nikafikiri nitamalizia na kisima, kumbe kicheko kikishakaa mbele hakitoki. Na watu wajue unasema kama nani. Siku unapotania, utanie, siku unaposema kwa niaba ya ofisi, usikubali mtu akuvike kofia nyingine, hata akikuvika kwa mapenzi.

Usihesabu kwamba umesema kwa sababu mdomo wako ulifunguka. Mshike mtu mmoja, mama yeyote pale sokoni au genge la jirani, umuulize, dada, umesikia nini? Akikujibu vile ulivyotaka, nenda ukaandike kwenye faili lako. Akikujibu vingine, au akicheka tu, rudi ukaseme upya, hata kama umeshachoka, hata kama wakubwa zako wameshakupongeza. Mimi niliona watu wamecheka nikajua hawajaelewa, nikasema kesho. Na pakiwa na mtu amekupa zawadi kwa jambo ambalo hukulifanya, irudishe pale pale mbele ya watu. Watakuudhikia siku moja. Heri hiyo.

Siku ukikosea, maana utakosea, kimbia ukaombe radhi siku hiyo hiyo, usingoje arobaini. Nenda ukiwa bado unajulikana umekosea kama nani.

Ni hayo, mwanangu. Usiku huu nitakuombea kama ninavyokuombea kila siku. Mungu akupe kauli inayofika. Akuepushe na makofi ya watu ambao hawajakusikia. Akuweke karibu na wale wenye masikio mazito lakini wanaosoma mpaka chini. Na yule mama aliyeko huko mtaani kwako, ambaye mimi simjui na wewe humjui, mtoto yuko mgongoni, ndoo iko mkononi, anaitazama simu yako huku ameshika koki ya bomba, Mungu amjalie akuelewe mara ya kwanza. Amina.